Sista, PS ya mtumba inafaa kuwa deki ya nyumbani?

SEHEMU YA 1: SWALI LA KLINIKI

Mmezoea kunisoma kuhusu chanjo, uji na homa za watoto. Leo mtanisamehe, naongelea sinema. Ila nisomeni mpaka mwisho, mtaelewa nesi ameingiaje huko.

Wiki mbili zilizopita alikuja kliniki mama mmoja, mimba ya miezi saba, mtoto wa tatu. Tukampima presha, tukampima uzito, kila kitu kiko sawa. Kasimama aondoke, akarudi kukaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Sista samahani, nina swali, ila siyo la ugonjwa."

Nikamwambia uliza tu mama.

Mume wake ni dereva wa malori, anapiga safari za Lubumbashi. Kikoba chao kimevunjwa, yeye kapata laki nne na nusu. Sasa mume anasema kuna mwenzake anauza PlayStation 4 ya mtumba kwa hela hiyo hiyo, waichukue, kwa sababu "itakuwa gemu na deki humo humo, watoto watulie nyumbani." Deki yao ya zamani ilishakufa. Mtoto mkubwa ana miaka kumi, kila jioni yuko kibanda umiza, na siku nyingine anambeba mdogo wake wa miaka mitatu mgongoni wanaenda wote. Mama roho inasita. Hela ile alikuwa ameitengea siku ya kujifungua: usafiri, vifaa, na chakula cha wiki zile ambazo hataweza kwenda sokoni.

"Sasa sista, hiyo kitu kweli ni deki? Au namnunulia baba yao mdoli?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Foleni nje ilikuwa ndefu, nikamwambia nitamjibu vizuri siku nyingine. Najibu hapa ili wote msikie, maana swali hili si lake peke yake. Tunduma hii mitumba inaingia kila upande, ya kutoka Dar na ya kutoka Nakonde, na kila kijana mwenye meza ya vifaa atakuambia PS inasoma kila kitu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome kwa wasiwasi. Kama unachotafuta ni sinema za familia, usinunue mashine ya gemu. Kama una mtoto mkubwa anayefuata gemu kibandani, unaweza kuinunua, ila inunue ukijua umenunua gemu, na sinema za wadogo uzitafutie njia nyingine. Sababu zangu nitaziweka moja moja. Nitaanza na aibu yangu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuinunua.

SEHEMU YA 2: MIMI NA YA KWANGU

Mnajua mimi ni mtu wa zamu. Wiki ya usiku naingia saa mbili, natoka saa mbili asubuhi. Nyumbani nawaacha na dada wa kazi. Wakati ule kijana wangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, binti minne.

Usiku mmoja, saa nne na kitu, simu ikaita nikiwa wodini. Jirani. "Mama, kijana wako yuko huku bandani, na picha inayoonyeshwa si ya watoto." Sikuweza kutoka. Nilikuwa nahudumia mtoto wa mtu mwenye degedege, na wa kwangu yuko gizani kwenye benchi la mbao kati ya watu wazima. Nilimwomba jirani ampeleke nyumbani, nikarudi kwenye kitanda cha mgonjwa. Kama wewe ni mama unayefanya kazi usiku, hapo sihitaji kukueleza.

Asubuhi nilirudi na hasira, lakini yeye alinijibu kwa upole tu: "Mama, nyumbani hakuna kitu."

Mwisho wa mwezi nikanunua PS4 ya mtumba. Laki tano. Muuzaji aliniambia inasoma CD, inasoma flashi, inasoma mpaka mawazo. Nikaibeba kama nimebeba mtoto mchanga.

Jioni binti kaleta CD yake ya katuni. Tukaiingiza. Mashine ikasema haiwezi kuicheza mpaka kwanza iunganishwe na intaneti. Nikadhani ni mbovu. Si mbovu, ndivyo ilivyotengenezwa: PS4 ikiwa mpya, au ikiwa imefutwa kila kitu kabla ya kuuzwa, kazi ya kucheza CD za sinema lazima iwashwe kwanza kwa intaneti, mara moja. Muuzaji alikuwa ameifuta, jambo la kawaida kwa mtu anayeuza. Nikawasha hotspoti ya simu. Mashine ilipoona intaneti ikataka kujisasisha. Bando la wiki likaisha kabla ya katuni kuanza. Binti akalala na CD yake mkononi.

Kesho yake nikajaribu flashi, maana sinema zetu nyingi siku hizi ziko kwenye flashi. Unaenda kwa kijana mwenye kompyuta, unamtajia unachotaka, sizoni za Kikorea au picha zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, anakujazia. Mashine ikaiona flashi lakini haikuwa na cha kufungulia sinema. Kumbe programu ya kuchezea sinema za flashi haiko ndani ya PS4. Lazima ufungue akaunti, uingie kwenye duka la Sony la mtandaoni, uipakue. Ni bure, lakini bando si bure.

Siku ya nne ndiyo tuliangalia sinema. Kwa haki niseme: ilipokubali, picha ilikuwa nzuri, nzuri kweli. Lakini siku nne, jamani, za kuwasha deki!

SEHEMU YA 3: IPI INASOMA NINI

Wazo la kwamba mashine ya gemu ni deki nzuri halikutoka hewani. Lilikuwa kweli wakati wake.

PlayStation 2 ilipotoka Japani mwezi Machi 2000, deki za DVD zilikuwa bado ghali, na watu wengi waliinunua kwa ajili ya sinema kama walivyoinunua kwa gemu. Ikaja PlayStation 3 mwisho wa 2006, inasoma Blu-ray, zile CD za picha safi zaidi. Marekani PS3 ya bei ya chini iliuzwa dola 499, wakati deki ya kwanza ya Blu-ray ya Samsung ilitoka mwaka huo huo kwa dola 999. Hapo mtu mwenye akili alichukua PS3, kwa sababu alilipa nusu ya bei na gemu akapewa juu.

Hesabu hiyo imekufa. Leo deki ndogo ya DVD ni hela ndogo sana ukilinganisha na PS4 hata ya mtumba, na sinema zenyewe zimehama kutoka kwenye CD kwenda kwenye flashi na simu. Ushauri umebaki ule ule, ila dunia imeshabadilika.

Haya, ukikutana nazo mezani kwa muuzaji, jua hivi:

PS2. Inacheza DVD. Sinema za flashi haichezi kama ilivyotoka kiwandani, hata kama ina tundu la USB. Na zote ni za zamani, Sony iliacha kuzitengeneza zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa hiyo ile lenzi ya kusomea CD ndiyo ya kwanza kuchoka.

PS3. Inacheza DVD na Blu-ray, na flashi inasoma bila kupakua kitu. Lakini inataka flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 tu, na mfumo huo haubebi faili moja linalofika GB 4. Halafu sinema za MKV, ambazo vijana wa kompyuta wanapenda kukujazia, PS3 haizichezi. Mwambie akuwekee MP4.

PS4. Inasoma flashi ya FAT32 na ya exFAT, na MKV inacheza, mradi uwe umepakua ile programu.

Xbox One nayo inacheza CD za sinema, lakini na yenyewe inataka kwanza upakue programu yake. Nintendo Switch haina hata pa kuingizia CD.

Sasa sikilizeni hili, linawaumiza wengi. Kuna mashine zinaitwa "zilizochipwa". Zimefunguliwa ili zicheze gemu za bure, na vijana wanazisifia sana. PS4 ya namna hiyo huizuia isijisasishe, maana ikijisasisha inaweza kujifunga tena. Na isiposasishwa, duka la Sony haliingii. Kwa hiyo ile programu ya sinema huipati kwa njia ya kawaida. Mama unanunua "deki" ambayo mlango wake wa sinema umefungwa kabla hujafika nayo nyumbani.

Jambo lingine ni ukanda wa DVD. Watengenezaji wa sinema waligawa dunia kwa namba. Tanzania na Zambia tuko namba 5. Afrika Kusini, Uarabuni na Ulaya ni namba 2. Marekani ni namba 1. CD halisi ya namba moja haichezwi na mashine iliyofungwa kwa namba nyingine, na mashine za gemu zimefungwa. Sisi wa mpakani tunapata CD na mashine kutoka pande zote, za Afrika Kusini zinapanda kupitia Zambia, za Dubai zinashuka kupitia Dar. Usishangae CD nzuri halali ikikataliwa na mashine nzuri halali. Zile deki ndogo za bei rahisi nyingi hazina ubaguzi huo.

SEHEMU YA 4: LUKU, SOLA, NA KILE KIBETRI

Mwaka 2014 taasisi ya mazingira ya Marekani iitwayo NRDC ilipima mashine hizi. PS4 ikionyesha tu sinema ya mtandaoni ilikula karibu wati 90, Xbox One karibu 75. Vile visanduku vidogo vya kuonyeshea sinema kwenye TV vilikula wati mbili tatu.

Tupige hesabu ya nyumbani. Wati 90, saa nne kwa siku, siku thelathini: karibu uniti 11 kwa mwezi, bila kuhesabu TV yenyewe. Deki ndogo ya wati 10, saa zile zile: uniti moja na kidogo. Tofauti ni kama uniti 10 kila mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye bei ya matumizi madogo, wale ambao mwisho wao ni uniti 75 kwa mwezi, uniti 10 zinaweza kukusukuma juu ya mstari, na ukishavuka mstari uniti inabadilika bei. Anayeingiza tokeni nyumbani mara nyingi ni nani? Ni wewe.

Kwa mama zangu wa vijijini Momba na Ileje mnaotumia sola: msihangaike kabisa. Mashine ya gemu itamaliza betri kabla sinema haijafika katikati. TV ndogo ya sola yenye tundu la flashi inatosha.

Sasa nivae gauni langu jeupe kidogo.

Kuna jambo moja ambalo mashine ya gemu inaishinda deki ndogo, na ni la maisha na kifo. Rimoti nyingi nyembamba za deki ndogo zinatumia kile kibetri bapa cha mviringo, kinachofanana na sarafu. Mtoto akikimeza na kikakwama kooni, kinaanza kuunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Mwanzoni mtoto anaweza asionyeshe kitu zaidi ya mate mengi, kukohoa au kukataa kula. Pedi ya PS betri yake imefungwa ndani, mtoto hawezi kuitoa kirahisi.

Kwa hiyo ukinunua deki ndogo, angalia rimoti yake siku hiyo hiyo. Kama inatumia kibetri hicho, funga kifuniko chake kwa gundi ya karatasi, ile ya kuzungushia maboksi, na rimoti ikae juu. Ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe, usimpe chakula, usisubiri asubuhi. Kimbia hospitali na useme waziwazi "nahisi amemeza betri."

La pili ni waya. Pedi za waya na ekstensheni iliyotandazwa sakafuni ni mtego. Mtoto wa miaka miwili akijikwaa au akivuta, TV iliyowekwa juu ya stuli inamwangukia kichwani. Chochote utakachonunua, weka TV kwenye kitu kipana na kifupi, au ifungwe ukutani, na waya zipite nyuma. Na PS usiifunike kwa kitambaa cha kushona hata kama kinapendeza. Inapumua kwa feni, ukiifunika inachemka.

SEHEMU YA 5: NANI ANASHIKA PEDI

Hapa ndipo penyewe. Hayo mengine ya CD na bando fundi anaweza kukusaidia. Hili fundi hana dawa yake.

Nyumbani kwangu, baada ya ile wiki ya kwanza, sinema zilikufa. Kijana akirudi shule anashika pedi. Marafiki zake wanne wanakuja, wanazungushana. Binti anakaa pembeni na CD yake, anauliza, "Kaka, zamu yangu lini?" Kaka anajibu, "Ngoja nimalize mechi." Mechi haiishi. Inaisha hii inaanza nyingine. Nilinunua kitu kimoja cha kufanya kazi mbili, kumbe kazi hizo mbili zinagombania TV moja, pedi moja na saa zile zile za jioni. Na siku zote anayeshinda ni mwenye mikono mikubwa.

Sikulaumu mtoto. Gemu imetengenezwa usiiache. Sinema ina mwisho, majina yanapanda, mama anasema haya kulala.

Kwa wadogo kabisa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini. Wa mwaka mmoja vilevile. Wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Na mtoto wa miaka mitatu au minne anatakiwa kulala saa 10 mpaka 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Huyu wa miaka mitatu anayebebwa mgongoni kwenda kibandani, au anayekaa sebuleni kaka zake wakicheza mpaka saa nne usiku, hatuhitaji kubishana kuhusu mashine. Huyo usingizi wake umeshaibiwa.

Mtaniambia, "Lakini sista, PS ina kufuli la watoto." Ni kweli ipo, na iwekeni. Inaweza kuzuia gemu na CD zenye alama ya umri. Lakini faili la kwenye flashi halina alama ya umri ndani yake, kufuli haliwezi kujua ni katuni au ni mauaji. Kufuli la flashi ni wewe kujua kilichomo. Mimi siku hizi namwambia yule kijana wa kompyuta anijazie mbele ya macho yangu, na flashi ya watoto ni nyingine kabisa, nyekundu, haiingii kitu cha wakubwa.

Sasa upande wa pili, maana sitaki nionekane napigana na gemu. Nilimuuliza mwanangu, baada ya ile mashine, alikwenda kibandani mara ngapi? Akafikiri, akasema mara mbili, za mpira. Mara mbili kwa miezi! Hapa nchini tuna Bodi ya Filamu, inapanga sinema kwa madaraja ya umri, lakini mlangoni pa kibanda mtoto haulizwi umri, anaulizwa hela. Mwanangu alikuwa nyumbani. Nikipiga simu kutoka wodini nasikia kelele zake. Ile laki tano haikuninunulia deki, ila ilimrudisha mtoto wangu, na kwa hilo sijuti hata siku moja.

Ndiyo maana sisemi PS ni upuuzi. Nasema usidanganywe kwamba umenunua deki. Ukinunua gemu ukijua ni gemu, utaiwekea saa zake, utaiwekea siku zake, na mdogo utamwekea chake. Ukinunua "deki", utashangaa kila jioni kwa nini hakuna anayeangalia sinema.

SEHEMU YA 6: JIBU KWA YULE MAMA

Kabla ya kutoa hela yoyote, mama, fanya jambo moja. Geuza TV yako. Tazama nyuma na pembeni. Hizi TV za flati nyingi zina tundu la USB. Weka flashi yenye sinema moja ya MP4, bonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo kwenye rimoti, chagua USB. Ikicheza, deki unayo tangu siku uliyonunua TV. Picha ikija bila sauti, au ikikataa faili, usikimbilie kusema mbovu: mwambie kijana wa kompyuta akubadilishie mfumo wa faili, akuwekee MP4 ya kawaida. Baadhi ya ving'amuzi pia vina tundu hilo, jaribu.

TV isipokubali, nunua deki ndogo, na kumbuka kibetri.

Na kama uamuzi wenu ni PS, mimi nasema isitoke kwenye hela ya uzazi wala ya chakula. Nenda na vitu vitatu: CD yako, flashi yako na simu yenye bando. Mwambie muuzaji acheze vyote viwili mbele yako, siyo gemu tu. Gemu kila muuzaji anaionyesha. Iache iwake nusu saa, usikie feni, uguse joto. Akisema "hiyo utaweka mwenyewe nyumbani," basi bei ishuke, au uondoke. Ukifika, kaeni baba, mama na watoto, mpange saa: za wadogo kwanza, wakiwa bado macho, za gemu baadaye, na saa ya kuzima ijulikane.

Yule mama alirudi juzi. Nilikuwa nimemtumia haya kwa simu, vipande vipande. Nikamuuliza vipi ile laki nne na nusu.

Akasema mume aliporudi kutoka safari, yeye hakubishana naye. Alimwomba tu ageuze TV. Wakakuta tundu, limejaa vumbi. Mume akaenda Sogea na flashi, akarudi na katuni na picha moja iliyotafsiriwa. Usiku ule waliangalia wote wanne, yule wa miaka mitatu akalala kabla haijafika nusu, mapajani kwa baba yake. "Sista, miaka miwili hiyo TV tuko nayo. Tundu lilikuwepo."

Hela ipo. Begi la kujifungua limeshapangwa, nimeliona kwa macho yangu: kanga, pamba, nguo za mtoto, na hela ya bajaji kwenye mfuko wa pembeni.

Nikamuuliza na yule mkubwa je, anaenda bado kibandani? Akanyamaza kidogo. Akasema siku tatu hakwenda, ya nne akaenda. Kule kuna gemu, nyumbani hakuna. Mume bado anaitaka ile PS, anasema wataitafuta mtoto akishafika miezi kadhaa.

Sikumwambia kitu. Kwa huyo wa miaka kumi, nadhani baba yake ana hoja.

Mbarikiwe. Wiki ijayo turudi kwenye uji.

Ni mimi, nesi wenu, Tunduma.